Picha ya Pasipoti ya Chombo Kilichostaafu

Hadithi yangu haina paukwa wala pakawa. Katika nchi yetu paukwa huombewa kibali Idara ya Masimulizi, na pakawa huombewa kwa barua nyingine, dirisha la pili. Subira hiyo sina. Nitaanza tu, na atakayeniuliza nitamwambia hii si hadithi, ni taarifa ya kazi.

Jina la nchi nitaliacha. Limebadilishwa mara tatu tangu niajiriwe, na hili la sasa hata rangi yake haijakauka kwenye mabango. Mkuu wetu wa nchi tunamwita Mheshimiwa Mno, kwa sababu Mheshimiwa peke yake ilionekana inawatosha hata madiwani.

Mimi naitwa Sufiani, mpiga picha wa Makumbusho ya Taifa. Kwa miaka ishirini na miwili nimekipiga picha Chombo Kilichokwenda Mwezini, na picha zote ni za ubavu wa kushoto. Waraka unasema hivyo: kipigwe kwa kushoto tu, na kipigwe na mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Mgeni akitaka picha ya upande mwingine huambiwa Chombo kina haya. Usoni kimevishwa bendera ya taifa, imepigiliwa misumari pembe zote nne, na hakuna aliyewahi kuuliza iko hapo kwa nini. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba mimi ni mtu wa kufuata waraka. Mtu wa kufuata waraka hana kosa. Neno hili nimelirudia mara nyingi, hasa nikiwa nanyoa ndevu, maana hapo ndipo ninapolazimika kujitazama.

Ukikitazama kwa kushoto, Chombo kinapendeza, sikatai. Tumbo lake lilikuwa tangi la maji la stesheni ya reli, enzi za wakoloni. Pua ni ya bati, kazi ya fundi wa majiko ya mkaa pale sokoni, na mpaka leo ukiikaribia inanuka moshi kidogo. Mlango una komeo zuri la chuma. Komeo liko kwa nje.

Mwaka juzi kilistaafu. Usicheke. Chombo kiliajiriwa serikalini kabla ya safari yake, kikapewa jalada na namba ya utumishi, kwa kuwa bila jalada kisingepata ruhusa ya kutoka nje ya nchi, na mwezi uko nje ya nchi. Sasa afisa mmoja makini akagundua kwamba bati la tangi limetimiza miaka sitini. Sheria ni sheria. Tukakifanyia sherehe ya kukiaga. Mkurugenzi wetu, Bwana Lukindo, alisoma risala ndefu, akakiusia kisiwe mpweke huko kiendako, ingawa hakikuwa kinakwenda popote, na akakizawadia saa ya ukutani na kiti cha kupumzikia. Kiti kiko pale pale mbele yake hadi leo. Mlinzi akikikalia anaandikiwa barua ya onyo.

*

Sasa nikwambie habari za Bi Siwatu, maana bila yeye haya yote yangekuwa mzaha, na mimi ningekuwa nalala vizuri.

Bi Siwatu ndiye mfagizi wa ukumbi wa Chombo. Ni mke wa Rubani Mzale Hamadi, aliyekwenda na Chombo mwezini na hakurudi nacho. Serikali ilitangaza kwamba Rubani amebaki kule kuwa balozi wetu. Wakati ule Bi Siwatu alikuwa na miaka ishirini na minne. Leo ana arobaini na sita. Mzale alikuwa rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, tulichapwa na mwalimu mmoja kwa fimbo moja, kwa hiyo Bi Siwatu namwita shemeji, naye huniita shemeji.

Hataki makubwa. Cheo hataki, nyumba ya balozi hataki. Anachotaka ni matanga. Anataka atandike majamvi, watu waje, isomwe hitima, wanawake wenzake wamshike mkono wamwambie pole, yaishe. Moyo wake ulishamwambia zamani kwamba mumewe hayupo. Lakini kumwekea matanga mtu aliye hai ni kosa la jinai, na serikali inasema Balozi yu hai. Kila mwaka anaandika barua ya kuomba kibali, na kila mwaka anajibiwa kwa muhuri: Balozi ni mzima wa afya na anakusalimu. Imamu naye ni mtu mwenye watoto, anaogopa. Mke wa aliye safarini, imamu hawezi kumkalisha eda, hawezi kumwozesha mume mwingine, hawezi kumwambia lolote ila avute subira. Ameivuta mpaka nywele zimeingia mvi.

Na kila Idi ya Ramadhani huletewa kadi kutoka mwezini. Nyuma kuna salamu, mbele kuna picha ya mwezi. Salamu anaandika karani wa Wizara. Picha ni yangu. Ule mwezi, ndugu yangu, ni chapati. Mke wangu aliiunguza siku moja, ikafanya madoa, nikaiweka juu ya kitambaa cheusi nikaipiga kwa karibu. Mkurugenzi alifurahi, akanipandisha daraja. Bi Siwatu ana kadi ishirini na mbili za chapati moja, amezitunza kwenye kopo la biskuti, na siku moja alinionyesha akasema, "Shemeji, hapa pembeni pamekuwa peusi. Sijui huko kuna joto kiasi gani."

Nikamwambia sijui. Jamani, nilimwambia sijui.

*

Mwaka huu Wizara ya Wastaafu ilitoa waraka mpya. Ilikuwa imegundulika kwamba wapo wastaafu waliokufa lakini bado wanajifanya wazima, tabia mbaya sana. Kwa hiyo kila mstaafu ahakikiwe, na alete picha nne za pasipoti. Pazia la buluu nyuma. Uso utazame mbele. Masikio yote mawili yaonekane. Kofia hapana, miwani hapana, kitambaa usoni hapana. Na asicheke.

Afisa Mhakiki alikuja na mkoba, pazia la buluu na muhuri. Anaitwa Bwana Chipeta, mtu mwembamba, mpole, asiyemwamini mtu yeyote kuwa yu hai mpaka aone karatasi. Nilimkumbusha waraka wangu wa ubavu wa kushoto. Akanijibu kwa adabu kwamba kwa kushoto sikio litaonekana moja, na mstaafu mwenye sikio moja huleta cheti cha daktari.

Ikaundwa kamati. Siku ya kwanza ilijadili iwapo Chombo kina masikio. Siku ya pili ikaafikiana kwamba sikio la kulia ni bomba la kutolea maji, na la kushoto ni hilo komeo la mlango. Mjumbe mmoja mgeni akauliza kwa nini mlango wa chombo cha safari una komeo kwa nje tu. Swali likapelekwa siku ya tatu, na siku ya tatu maandazi yakaisha kabla halijafikiwa.

Basi kazi ikaanza. Kofia hairuhusiwi, na pua ilihesabiwa kofia, kwa hiyo fundi akapanda ngazi akaifungua pua, akaishusha kwa kamba. Pazia la buluu likatundikwa. Ikabaki bendera. Hapo Mkurugenzi Lukindo akasogea mbele ya bendera. Alinitazama, nami nikamtazama. Akasema bendera ni kitu kitukufu, haing'olewi hivi hivi. Bwana Chipeta akaufungua waraka akamwonyesha kwa kidole: kitambaa chochote. Mkurugenzi naye ni mtu wa waraka. Tukaimba wimbo wa taifa, mlinzi akang'oa misumari.

Chini ya bendera kulikuwa na kioo cha mviringo, kadiri ya sinia la pilau, kimefunikwa na vumbi. Kamati ikakutana papo hapo, imesimama, kuamua kama kile ni jicho au ni miwani. Wakasema ni jicho. Lakini jicho lilikuwa na ukungu, na mstaafu mwenye mtoto wa jicho haruhusiwi kupigwa picha kabla hajatibiwa. Bwana Chipeta akasema aitwe mfagizi.

Nilitaka kusema nitakisafisha mimi. Nilitaka kabisa. Lakini waraka unampa mpiga picha kamera, haumpi kitambaa, nikashika kamera yangu.

Bi Siwatu alipanda juu ya kile kiti cha kupumzikia, kwa kibali maalumu, na ndoo yake na tambara. Vumbi likatoka kwa mkupuo mmoja. Katikati ya kioo likabaki doa. Akalipangusa, halikutoka. Akatia sabuni. Akasugua kwa ukucha, halikutoka. Kisha akaacha kusugua. Akaweka kiganja chake juu ya lile doa, kidole juu ya kidole, akatulia hivyo, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Nilijua anachokiona kabla hajageuka. Kidole cha shahada cha Mzale kilikuwa kifupi. Ncha yake iliondoka na panga tulipokuwa watoto, tukipasua dafu la wizi. Panga nililishika mimi.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hii alama iko kwa ndani."

Bwana Chipeta akasema kama iko kwa ndani ni vizuri, basi sabuni ya serikali isipotee bure. Mkurugenzi alikuwa anakohoa. Bi Siwatu alishuka kitini, akachukua ndoo yake, akasimama pembeni ananitazama. Nami nikainua kamera nikakipiga picha Chombo, kwa mara ya kwanza usoni, masikio mawili yakionekana. Hakikucheka.

*

Sasa sina budi kusema ya siku ile ya kurushwa.

Itifaki inasema watu wote wawe mahali pao kabla Mheshimiwa Mno hajaanza kuhutubia, na mahali pa rubani ni ndani ya chombo. Kwa hiyo Mzale aliingizwa saa nne asubuhi, mlango ukafungwa, komeo likasukumwa. Aliniona nikipiga picha, akaninyanyulia kile kidole chake kifupi, utani wetu wa zamani. Hotuba ilipangiwa dakika ishirini. Ilihusu mchango wa Mheshimiwa Mno katika kupatikana kwa anga. Mpaka saa sita alikuwa bado hajafika kwenye mawingu.

Ilikuwa Februari. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwenye Chombo, na nilipoegemeza mkono kwenye bati niliuondoa upesi.

Saa sita nikasikia kiganja kikigonga kioo, na sauti ya Mzale ikisema, "Hodi."

Hakupiga kelele. Alisema hodi, namna mtu anavyosimama mlangoni kwa jirani akiwa na jambo lake dogo. Na wewe unajua tulivyolelewa. Hodi huitikiwa. Uwe unakula, uwe umelala, uwe umegombana na huyo anayebisha, utasema karibu kwanza ndipo ukumbuke ugomvi wenu. Ulimi wangu ulishaondoka. Ulishafika kwenye "ka". Lakini Mheshimiwa Mno alikuwa katikati ya sentensi, na waraka wa itifaki unasema sauti itakayosikika wakati wa hotuba ni moja. Nikaimeza ile "ka". Bado imo.

Hodi ya pili ilikuja saa saba. Safari hii alisikia hata Mheshimiwa Mno, maana alinyamaza kidogo, akakitazama Chombo, halafu akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. Mstari wa mbele tulikuwa watu kama arobaini, mawaziri, mashehe, mapadri, wakuu wa majeshi na mimi. Kila mmoja alikuwa anachunguza viatu vyake.

Ya tatu ilikuja saa nane mchana, ndogo. Hapo mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Sitamtaja, maana sikumwona, na maana tulimfuata sote. Tulipiga makofi kwa nguvu, tukapiga mpaka viganja vikawaka, na mimi nikapiga, kamera ikining'inia shingoni. Mheshimiwa Mno akatabasamu akasema ahsanteni. Tulipoacha, hapakuwa na sauti nyingine ila ya kwake.

Mzale alilelewa vizuri, marehemu mama yake asingekubali vinginevyo. Mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huondoka zake. Akaondoka.

Hotuba ilikwisha saa kumi. Tukaamriwa tufumbe macho kwa usalama wetu, tuhesabu mpaka mia tano. Tukasikia matairi yakichomwa. Tulipofumbua, palikuwa na turubai kubwa na tangazo kwamba Chombo kimeondoka salama. Baada ya wiki turubai likaondolewa na Chombo kikawa kimerudi, miguu yake mitatu imetua kwenye mashimo yale yale matatu. Magazeti yaliusifu sana ustadi huo. Walichokitoa ndani walikitoa, na walikokizika sijaambiwa. Ila hakuna aliyekumbuka kufuta kioo. Wakaleta bendera.

*

Picha za pasipoti zilitoka nne. Nyuma ya kila picha lazima mtu anayemfahamu mstaafu aandike: Nathibitisha kuwa hii ni picha halisi ya fulani, ninayemfahamu kwa miaka kadhaa. Bwana Chipeta aliuliza nani anamfahamu mstaafu kwa muda mrefu kuliko wote. Kila mtu akanionyesha mimi.

Tatu niliziandika kama inavyotakiwa. Ya nne kalamu ilisimama. Bi Siwatu alikuwa anafagia mahali ambapo ameshapafagia. Nikaandika, kwa herufi ndogo ili nafasi itoshe:

Nathibitisha kuwa Rubani Mzale Hamadi, ninayemfahamu tangu utotoni, alifia ndani ya chombo hiki siku ya kurushwa, saa nane mchana, hotuba ikiendelea. Hakwenda popote. Alipiga hodi mara tatu. Nilimsikia.

Nikatia sahihi. Bwana Chipeta akazigeuza picha zote kifudifudi akazigonga muhuri wa Wizara, moja baada ya moja, bila kusoma. Kusoma ni kazi ya idara nyingine. Tatu akazitia mkobani. Ya nne, akasema, ni nakala ya mstaafu mwenyewe, na kama mstaafu hana mikono, apewe jamaa yake wa karibu. Nikamuuliza jamaa wa karibu wa Chombo ni nani. Akatazama huku na huku ukumbini.

"Si yule anayekihudumia?" akasema.

Kwa hiyo nilimkabidhi Bi Siwatu, kwa utaratibu, naye akatia sahihi ya kupokea. Aliisoma palepale amesimama. Aliisoma mara moja tu. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, akainama akaokota takataka alizokuwa amezikusanya.

Tafadhali msinisifu. Kalamu ile nilikuwa nayo miaka yote ishirini na miwili. Nilichokuwa nangoja ni muhuri.

Nasikia jioni ile alikwenda kwa imamu. Imamu aliisoma, akauona muhuri wa Wizara, akashusha pumzi kama mtu aliyeteremshiwa gunia. Akamwambia matanga sasa ni halali kwa dini na kwa serikali. Ama eda, akasema, huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo ya kwake ilikwisha zamani. Bi Siwatu akamuuliza mtu anamalizaje jambo asilolianza. Imamu akamrudishia picha yake. Akasema atakuja na watu wa hitima.

Kuhusu mimi, usihofu sana. Ripoti ya matanga itapelekwa Idara ya Kusoma, nayo hivi sasa inasoma ya mwaka juzi. Nina kama miaka miwili.

*

Siku ya matanga nilikwenda mapema, kabla ya watu. Nilitaka kusema maneno fulani. Nilikuwa nimeyapanga njiani na nilipofika barazani kwake hayakuwepo. Majamvi yalikuwa yamekunjwa, yameegemezwa ukutani. Mlango umefungwa. Ndani nikasikia kikombe kikiwekwa mezani, nikajua yupo.

Nikasema hodi.

Nikangoja kadiri mtu anavyongoja, nikasema ya pili, kwa sauti zaidi. Kikombe hakikulia tena. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja wake aliinua kichwa, akanitambua, akarudi kwenye ufagio. Nikasema ya tatu, nayo ikanitoka vibaya, imepasuka katikati.

Adabu inasema hapo niondoke, na umeshaona nilivyo mtu wa kufuata yaliyoandikwa. Miguu yangu ilishageuka kabisa. Jua lilikuwa limetoka, likaanza kunichoma kisogoni, jua la asubuhi tu, si kitu. Nikarudi mlangoni. Nikaweka kiganja kwenye ubao, nikasema hodi ya nne.

"Nilikusikia tangu ile ya kwanza, shemeji," akasema Bi Siwatu kutoka ndani. Alikuwa karibu sana, kumbe alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

Karibu hakuisema, na mimi si mtu wa kuidai. Nikachukua jamvi la juu, nikaanza kutandika.